Pedali ya gitaa uliyoiunda mwenyewe: kutafuta kosa la kapasita kwa kufuata dalili

Pedali za gitaa zinazoundwa nyumbani huharibika kwa namna chache zinazojirudia. Mara nyingi uchunguzi huishia kwenye kapasita, kipuri kinachopitisha mawimbi ya sauti na kuzuia umeme mnyoofu: thamani iliyosomwa vibaya, miguu ya chanya na hasi iliyobadilishana nafasi, au aina isiyofaa mahali ilipowekwa. Mjadala maarufu zaidi, ule wa kapasita za bei kubwa zinazodaiwa kuwa na "sauti tamu", karibu kila mara hauhusiki na tatizo lililo mezani. Kinachoamua sauti kwanza ni thamani ya kapasita ikichukuliwa pamoja na rezista inayofanya nayo kazi, na ndiyo maana thamani ileile hufaa katika sakiti moja na kuharibu sauti katika nyingine.

Mifano imechukuliwa hasa katika sakiti mbili zinazoigwa sana na wanaoanza. Ya kwanza ni LPB-1 ya Electro-Harmonix, kikuza sauti chenye transista moja kilichotoka New York mwishoni mwa miaka ya 1960. Ya pili ni Distortion+ ya MXR, ya miaka ya 1970, inayotumia opampu moja (chipu ya kukuza sauti) na daiodi mbili (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu). Aliyeunda pedali nyingine anaweza kufuata hatua zilezile.

Kabla ya kugusa chochote

Zipo njia tatu zinazotumika katika kila dalili hapa chini, na ni vyema kuzizoea mapema.

Ya kwanza ni kusoma namba. Kapasita ndogo za seramiki na za filamu ya plastiki huandikwa tarakimu tatu, mbili za mwanzo zikiwa thamani na ya tatu ikiwa idadi ya sifuri za kuongeza, na jibu likiwa katika pikofaradi (pF). Kwa hiyo 102 ni pikofaradi 1,000, yaani nanofaradi 1 (nF). 103 ni 10 nF. 104 ni 100 nF, ambayo ndiyo mikrofaradi 0.1 (µF), na 473 ni 47 nF. Mtego upo kwenye 470, kwa kuwa kwa kanuni hii ni 47 pF tu, wala si 470. Herufi inayofuata hueleza kiasi ambacho thamani halisi inaweza kupotoka: J ni asilimia 5, K ni asilimia 10, na M ni asilimia 20.

Ya pili ni hesabu. Kapasita na rezista vikikaa pamoja huweka mpaka wa masafa, na mpaka huo hupatikana kwa kugawa 159 kwa zao la kilo-omu na mikrofaradi, jibu likiwa katika Hz, yaani mitetemo kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa, E ya chini, hutetemeka kwa takriban 82 Hz, na E ya chini ya gitaa la besi kwa takriban 41 Hz. Namba hizo mbili zikiwa kichwani, kikokotoo cha simu kitakujibu maswali mengi kuliko ubishi wowote kuhusu chapa za kapasita.

Ya tatu ni kifuatilia sauti. Chukua waya wa gitaa uliokatwa upande mmoja, unganisha waya wake wa nje na graundi ya pedali (sehemu ya volti sifuri), kisha kwenye waya wa ndani lehemu kapasita ya 100 nF ambayo mguu wake wa pili utaachwa wazi uwe ncha ya kugusia. Upande wa pili uingie kwenye amplifaya iliyopunguzwa sauti. Mtu mmoja akipiga gitaa, wewe gusa sakiti hatua kwa hatua kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale sauti inapopotea au kubadilika ndipo pa kuchunguza. Kifaa hiki ni cha sakiti za volti 9 peke yake. Usiguse nacho kamwe sehemu za ndani za amplifaya au za kitu chochote kilichounganishwa na umeme wa ukutani.

Sauti ni nyembamba, besi imetoweka

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na chanzo chake cha kawaida ni 103 iliyowekwa mahali pa 104. Tuchukue LPB-1, ambayo mlango wake wa kuingilia una ukinzani wa takriban kilo-omu 30 rezista za kilo-omu 430 na 43 zikihesabiwa kuwa sambamba pamoja na transista yenyewe. Kwa kapasita sahihi ya 0.1 µF, 159 ukigawa kwa 3 unapata 53 Hz, na nyuzi zote zinapita. Ukiweka 0.01 µF kwa bahati mbaya, mpaka unapanda hadi 530 Hz, na nyuzi za chini zinasikika kana kwamba zinapigwa ndani ya simu. Sasa tazama Distortion+: kapasita yake ya kuingilia ni hiyohiyo 0.01 µF, lakini rezista inayoifuata ni ya kilo-omu 1,000, kwa hiyo mpaka ni takriban 16 Hz na hakuna besi inayopotea. Anayenakili thamani kutoka mchoro mmoja kwenda mwingine bila kutazama rezista hujitafutia hasara.

Uhakiki mwepesi hauhitaji kung'oa kitu. Kapasita mbili zikiwekwa sambamba, thamani zake hujumlishwa. Washa pedali, shikilia miguu ya kapasita nzima ya 100 nF juu ya miguu ya ile unayoishuku, upande wa risasi, na mtu apige uzi wa sita. Besi ikirudi hapohapo, umepata mhusika. Isiporudi, hamia kwenye kapasita inayofuata katika njia ya sauti, usisahau ile ya kutokea.

Kama kapasita zote ziko sahihi, huenda wembamba huo ni mpango wa sakiti wala si kosa. Katika Distortion+ kuna kapasita ya 47 nF pamoja na rezista ya kilo-omu 4.7 zinazoamua ni masafa gani yakuzwe zaidi. Geini (kiasi cha kukuza sauti) ikiwa juu kabisa, mpaka wake ni takriban 720 Hz, na hilo limefanywa makusudi, kwani besi nyingi ikikatwa na daiodi hutoa sauti ya matope. Ukiona ni nyembamba mno kwa gitaa lako, panda hadi 100 nF, ambayo hushusha mpaka hadi karibu 340 Hz. Mimi nisingevuka 220 nF katika sakiti hii isipokuwa kwa gitaa la besi.

Chanzo cha mwisho, kisichotokea mara nyingi kwa vipuri vipya, ni kapasita ya elektrolitiki (aina yenye majimaji ndani) iliyokauka. Za namna hii hupatikana sana kwa wanaong'oa vipuri kwenye redio za zamani. Ipime ikiwa nje ya bodi, na uiondoe chaji kwanza kwa kuunganisha miguu yake kupitia rezista ya kilo-omu moja. Iliyoandikwa 10 µF ikisoma 3, itupe.

Hakuna sauti kabisa

Kapasita isilaumiwe kabla ya mambo ya kawaida kukaguliwa. Angalia betri, waya, swichi ya mguu, na tundu la kuingizia gitaa, kwa sababu katika pedali nyingi tundu hilo ndilo linalofunga njia ya betri, na waya usipoingia hadi mwisho pedali haiwaki. Kisha tazama viungo vya risasi kwa mwanga mzuri. Risasi iliyomwagika kidogo kati ya miguu miwili ya kapasita huifuta kapasita hiyo kwenye sakiti, na umeme mnyoofu (DC) uliokuwa umezuiliwa hupita na kuivuruga transista inayofuata.

Hatua ya pili ni kupima volti. Katika LPB-1 iliyo hai, kolekta, mmoja wa miguu mitatu ya transista, husoma takriban volti 4 hadi 5 betri ikiwa ya 9. Ikisoma volti 9 kamili au inakaribia sifuri, na rezista zote ziko sawa, shuku kapasita iliyoshoti au transista iliyogeuzwa. Katika sakiti za opampu, tafuta pale rezista mbili zinazolingana zinapogawa umeme katikati. Panapaswa kuwa na karibu volti 4.5. Pakiwa chini sana, elektrolitiki inayoshikilia pointi hiyo inavujisha umeme au imewekwa kinyume, nayo inavuta volti kwenda graundi.

Kuhusu kugeuza miguu, elektrolitiki ina mstari upande wa hasi, na ikiwa mpya mguu mrefu ni chanya. Kapasita za tantalamu zenye mstari huuweka upande wa chanya. Tofauti hiyo imeua kapasita nyingi mikononi mwa watu makini. Ikiwa mchoro hauonyeshi alama, pima volti pande zote mbili bila kapasita, na mguu wa chanya uende penye volti kubwa zaidi.

Wanaounda fazi (pedali za kukwaruza sauti) za ukoo wa Fuzz Face, iliyotolewa na Arbiter wa London mwaka 1966, waongeze uangalifu. Matoleo ya transista za germaniamu aina ya PNP huunganisha chanya ya betri na graundi, na elektrolitiki zake hutazama upande ulio kinyume na zile za toleo la NPN. Ukichukua mchoro wa moja ukaweka transista za nyingine bila kugeuza kapasita, utapata ukimya, au sauti dhaifu inayokatikakatika. Vilevile pedali hiyo ya graundi chanya isiunganishwe kwenye adapta moja na pedali nyingine, kwa kuwa waya za gitaa zitashoti adapta hiyo.

Sauti imefifia, trebo haipo

Hapa tafuta kapasita inayotoka kwenye njia ya sauti kwenda graundi, au iliyowekwa sambamba na daiodi. Katika Distortion+ ni ya 1 nF, na ikifanya kazi na rezista ya kilo-omu 10 iliyo mbele yake mpaka ni karibu 15,900 Hz, juu ya kile ambacho spika ya gitaa inaweza kutoa. Weka 103 badala ya 102 na mpaka unashuka hadi karibu 1,600 Hz. Gitaa la solo linalotakiwa kung'aa juu ya rumba litasikika kama limefunikwa blanketi.

Jaribio lake ni kinyume cha lile la kwanza: inua mguu mmoja wa kapasita hiyo kutoka kwenye bodi. Trebo ikirudi, soma namba upya. Ikiwa 1 nF ni sahihi na bado unaona giza, jaribu 470 pF. Kapasita ndogo za pikofaradi zilizo kati ya mlango wa kutokea wa opampu na mlango wake hasi nazo hukata trebo kadiri unavyoongeza geini, na zinaweza kupunguzwa, ila zisiondolewe, kwa sababu itakayoelezwa kwenye mluzi. Kumbuka pia kwamba mita nyingi za kawaida hazisomi vizuri chini ya 100 pF, kwa kuwa nyaya za mita zenyewe zina pikofaradi zake. Soma kwanza bila kapasita, kisha utoe kiasi hicho.

Pedali inanguruma

Weka betri. Mnguruma ukiisha, tatizo ni umeme wa adapta. Ukibaki, tatizo ni graundi, kasha lisilo la chuma, au waya wa gitaa. Sikio nalo husaidia. Umeme wa nyumbani Afrika Mashariki ni wa 50 Hz, na ukishageuzwa kuwa mnyoofu hubakiza mawimbi ya 100 Hz, ambayo yanakaribia sana noti ya G iliyo freti ya tatu ya uzi wa sita. Mnguruma wa noti hiyo hutokana na umeme usiochujwa vya kutosha. Ukiwa oktavu nzima chini ya hapo, ni 50 Hz, na kapasita haina kosa: kagua graundi.

Kwa umeme usiochujwa, hakikisha kwanza kwamba elektrolitiki ya 100 µF ipo kati ya chanya na graundi na kwamba haijageuzwa. Ikiwepo na bado pedali inanguruma, weka rezista ya omu 100 kwenye njia ya chanya kabla ya kapasita hiyo. Viwili hivyo huweka mpaka wa 16 Hz na kupunguza mawimbi ya 100 Hz karibu mara sita, na pedali inayokula miliampia 5 itapoteza nusu volti tu. Kuongeza kapasita hadi 1,000 µF bila rezista hiyo huleta faida ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Mnguruma ukisikika pia kwa pedali nyingine zinazotumia adapta hiyo, adapta ndiyo mbovu, na hapo kazi yako imefika mwisho. Usiifungue. Kapasita kuu ya adapta ya kisasa hubeba takriban volti 325 kwa umeme wa volti 230, na takriban 340 kwa umeme wa volti 240, na inaweza kuzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa. Amplifaya za vali mara nyingi zina volti kubwa kuliko hizo. Kununua adapta nyingine iliyothibitiwa (isiyoacha volti zipande), au kumpelekea fundi wa umeme, ni lazima, hata kama unajua kulehemu vizuri.

Mluzi unaopanda ukiongeza geini

Kinacholeta mluzi kwa kawaida ni waya wa kuingilia kulala karibu na wa kutokea. Zitenganishe kwa mkono, pedali ikiwa imewaka, na usikilize kama mluzi unabadilika. Usipobadilika, angalia kama kuna kapasita ya 100 nF iliyolehemewa karibu kabisa na miguu ya umeme ya opampu. Elektrolitiki kubwa iliyo mwisho wa bodi haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu haiwahi masafa ya juu. Hapa seramiki ya bei rahisi ndiyo bora kuliko filamu ya gharama.

Baadaye rudi kwenye zile kapasita za pikofaradi za opampu. Aliyeziondoa ili apate trebo zaidi huenda ameifanya opampu itetemeke yenyewe kwa masafa ambayo sikio halisikii, na dalili pekee ikawa sauti yenye ukali usioelezeka au redio inayosikika kwa mbali. Rudisha 47 pF na usikilize tena.

Mshindo ukikanyaga swichi, na mkwaruzo ukizungusha volyumu

Dalili hizi mbili zina chanzo cha pamoja, yaani umeme mnyoofu mahali usipotakiwa. Kwa mshindo, lehemu rezista ya kilo-omu 1,000 kutoka mlango wa kuingilia kwenda graundi na nyingine kwenye mlango wa kutokea, ili upande wa nje wa kapasita usibaki unaning'inia na kukusanya chaji. Mkanyago wa kwanza baada ya kuunganisha waya unaweza bado kulia; inayofuata inyamaze. Ikiendelea, badilisha elektrolitiki ya kuingilia kwa ya filamu yenye thamani hiyohiyo, kwa kuwa elektrolitiki zote huvujisha kidogo.

Kwa mkwaruzo, potenshomita chafu ndiyo ya kwanza kushukiwa, na dawa ya kusafishia mguso humaliza jambo. Isipomaliza, pima volti za umeme mnyoofu kwenye mguu wa potenshomita unaopokea sauti. Jibu linapaswa kuwa sifuri. Hata robo ya volti inayoganda pale inatosha kukwaruza, na maana yake kapasita ya kutokea inavuja.

Ukigonga kasha, spika inagongwa

Baadhi ya seramiki, hasa za X7R, Y5V na Z5U, hugeuza mtikisiko kuwa umeme. Penye geini ndogo huwezi kujua, lakini kapasita hiyo ikiwa mwanzoni mwa sakiti inayokuza mara 200, kila hatua ya mguu jukwaani itasikika. Fungua kasha na gonga kapasita moja moja kwa kijiti cha meno huku amplifaya ikiwa imewaka. Inayojibu kwa sauti kubwa iondoe, uweke ya filamu, au ya seramiki iliyoandikwa C0G au NP0 kwa thamani za pikofaradi. Hapa ndipo aina ya kapasita ina uzito wa kweli. Y5V zina kasoro ya ziada, kwani zinaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ya thamani yake katika mipaka ya joto zilizoundiwa, kwa hiyo hazifai popote sauti inapopita.

Kapasita imevimba, ina joto au inanuka

Chomoa umeme mara moja na ugeuze uso wako mbali na bodi, maana elektrolitiki iliyogeuzwa inaweza kupasuka, na tantalamu iliyozidiwa inaweza kuwaka moto. Sababu ya kwanza ni adapta yenye ncha kinyume: pedali nyingi hutarajia hasi iwe katikati ya plagi, na adapta nyingi za vifaa vingine zina chanya katikati. Sababu ya pili ni volti. Adapta isiyothibitiwa iliyoandikwa 9 inaweza kutoa 12 au zaidi ikiwa na mzigo mdogo, kwa hiyo kapasita ya volti 10 haifai. Tumia ya 16 kwa uchache, na ya 25 ni salama zaidi. Kwa pedali ya volti 18, weka ya 35.

Badilisha kapasita, weka daiodi ya 1N5817 kwenye njia ya chanya ili umeme uliogeuzwa usipite tena, kisha pima adapta kwa mita kabla ya kuichomeka. Kapasita mpya nayo ikipata joto ilhali ncha na volti ziko sahihi, usijaribu ya tatu. Mpelekee fundi wa elektroniki pedali pamoja na adapta yake.